Kaye ya binti yangu na kitambaa cha mama yangu

Wiki hii nimeombwa kuandika juu ya biashara. Nitaandika pia juu ya aibu, kwa sababu kwangu vitu hivyo viwili viliingia kwa mlango mmoja.

Binti yangu anasoma usimamizi wa biashara Kisangani. Mwaka jana wakati wa likizo alikuja Opala na kaye mpya, biki mbili na maswali mengi. Mwalimu wake alikuwa amemkubalia aandike memwari juu ya hesabu za mama wanaonunua mawese na mchele huku kwetu na kwenda kuuza Kisangani. Alitafuta mama kumi ambao wangekubali kwamba, kwa mwezi mzima, kila franka inayoingia na inayotoka iandikwe. Alianza na mimi, akidhani mama mzazi ndiye mlango rahisi.

Akaniuliza, "Mama, safari yako ya mwisho ulipata faida?"

Nikamjibu, "Nilipata. Kwani minervali yako ililipwa na nani?"

"Ndiyo, mama. Lakini faida ilikuwa franka ngapi?"

Hapo nikakasirika. Nikamwambia mtoto hamhesabii mama yake vya kwenye kitambaa, aende achote maji. Akaenda, akarudi, hakuuliza tena. Akazunguka kwa wenzangu. Kati ya mama kumi, wawili tu ndio walikubali. Wengine walimpa chakula na hadithi, lakini hesabu hawakumpa.

Msidhani tulikataa kwa ujinga. Mimi ninajua sababu yangu, na inatoka mbali.

Mama yangu aliuza mawese kabla yangu. Alishuka mto Lomami mpaka Isangi, pale unapoingia mto mkubwa, kisha akapanda mpaka Kisangani. Hakuandika hata siku moja. Fedha yake ilikaa katika kitambaa, kitambaa kiunoni, na hesabu ilikaa kichwani. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifai tena. Watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha, na kiasi cha kubadilisha kilikuwa na mpaka. Nilikuwa mtoto wa miaka mitano. Ninakumbuka mama amekaa mlangoni na kitambaa kimefunguliwa mapajani, na hakuna mtu aliyemsemesha. Habari ilipofika kwetu, benki ilikuwa mbali na siku zilikuwa zimekwisha.

Hata hivyo, baada ya hapo hakuanza kuandika. Alisema karatasi ina macho mengi. Mtu wa kodi ataisoma, shemeji ataisoma, na mume ataisoma. Tena sheria haikuwa upande wake. Code ya familia ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilitaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya jambo la kisheria. Kwa hiyo fedha iliyokuwa kichwani ilikuwa yake, na ile iliyoandikwa ilikuwa ya kila mtu. Mimi nilirithi kitambaa chake na mawazo yake.

Nilipomweleza binti yangu haya, alinijibu kitu kilichonishangaza. Alisema katika masomo yao wanasoma juu ya mtafiti mmoja, Janet MacGaffey, aliyekuja Kisangani mwaka 1979 na 1980, wakati uleule wa kilio cha mama yangu. Alikuja kuwauliza wafanyabiashara jinsi walivyopanda. Kitabu chake kilitoka mwaka 1987. Wakati huo nchi ilikuwa bado inaumwa na zairianisation iliyotangazwa tarehe 30 Novemba 1973, wakati maduka na mashamba ya wageni yalipogawiwa wakubwa. Wengi waliopewa hivyo walikula mali mpaka ikaisha. Lakini MacGaffey aliona Kisangani watu wengine, ambao hawakuwa na mkubwa wa kuwashika mkono, waliojenga biashara yao wenyewe kidogo kidogo. Kati yao walikuwamo wanawake. Aliandika pia kwamba biashara nyingi za wanawake zilipita pembeni ya vitabu vya serikali, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwao.

Nikamwambia binti yangu, "Basi umeona. Hata huyo mtafiti alijua kwamba kuficha kulikuwa na akili yake."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo, mama. Lakini yeye aliona watu waliomficha mtu wa kodi. Wewe unajificha mwenyewe."

Neno hilo lilinichoma, na sikumjibu.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Wengi wenu mnajua kwamba mimi ndiye niliyeshika kasha la likelemba yetu. Tuko mama kumi na wawili. Kila Jumapili kila mmoja anatoa 10.000, na mmoja anapokea zote. Kwa miaka sita hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu kasha lilikuwa mimi. Na ninyi hamkujua kwamba fedha yenu na fedha yangu zililala katika kitambaa kimoja. Niliamini nazijua kama ninavyojua watoto wangu.

Mwezi ule mtoto wangu wa mwisho alipata homa kali. Usiku nilichukua kwenye kitambaa nikalipa sindano na dawa. Siku ya pili nikachukua tena. Jumapili ilipofika, mama aliyekuwa na zamu alikuja mapema, amevaa vizuri, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya binti yake aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani wa serikali. Nikafungua kitambaa mbele yake. Nikahesabu mara moja, nikahesabu mara mbili. Ilipungua 45.000.

Mama wenzangu, kilichoniumiza kuliko upungufu wenyewe ni kwamba sikuweza kusema imekwenda wapi. Kama ningejua kwamba nimeikopa yote kwa ajili ya mtoto, ningeomba radhi. Lakini dawa hazikufika bei hiyo. Je, kuna mama ambaye hakutoa? Je, nilimrudishia mtu chenji vibaya? Je, nilinunua mafuta ya mota kwa fedha ya wenzangu? Sikujua. Mwenzangu aliniangalia tu, akasema, "Si kitu, mama." Sauti yake ilikuwa na kitu. Kwa wiki tatu alipita mlangoni kwangu bila kuingia.

Niliuza bidoni mbili za mawese papo hapo kwa bei ya hasara, nikamalizia fedha yake. Usiku huo nilimwita binti yangu, nikamwambia, "Lete ile kaye."

Tulianza na safari iliyofuata. Nilinunua bidoni kumi vijijini, kila moja kwa 25.000. Jumla ni 250.000. Kisangani niliziuza kwa 40.000 kila moja, yaani 400.000. Katika kichwa changu hesabu iliishia hapo: faida ni 150.000, asante, twende nyumbani. Miaka yote hivyo ndivyo nilivyohesabu.

Binti yangu akaendelea kuuliza, nami nikajibu. Mahali pa mzigo katika balenyeri, kwenda, pamoja na wabebaji: 65.000. Vizuizi na mikono iliyonyooshwa njiani na ufukoni: 17.500. Chakula changu na pa kulala: 21.000. Kisha akauliza kama bidoni zote zililipwa. Nikakumbuka kwamba moja ilichukuliwa kwa deni na mama mmoja wa sokoni ambaye sikumwona tena: 40.000. Akajumlisha yote, 143.500. Akaitoa katika 150.000. Zikabaki 6.500.

Nilikuwa nje ya nyumba yangu siku kumi na nne. Nilipata 6.500.

Nikamwambia amekosea. Tukarudia. Hakuwa amekosea. Basi nikamuuliza, kama faida ni hiyo, minervali ililipwa na nini? Tukatafuta pamoja. Nikakumbuka kwamba miaka mitatu nyuma nilikuwa nikinunua bidoni kumi na nane kwa safari moja. Kisha kumi na tano, kisha kumi na mbili, sasa kumi. Mimi nilisema ni kwa sababu mawese yamepanda bei. Lakini kweli ilikuwa hii: nilikuwa nakula mbegu. Kila mkulima wa mpunga wa hapa anajua kwamba mbegu haipikwi hata kama watoto wanalia. Mimi niliipika, kwa sababu katika kitambaa kimoja mbegu na chakula vina rangi moja.

Baada ya hapo binti yangu alinieleza utafiti mwingine, nami nawapa kwa maneno yangu.

Katika nchi ya Jamhuri ya Dominika, watafiti watatu, Drexler, Fischer na Schoar, walichukua wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake. Kundi moja walifundishwa uhasibu kama wa shuleni. Kundi lingine walifundishwa kanuni fupi tu, kwa mfano: weka fedha ya biashara mahali pake na fedha ya nyumba mahali pake. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Waliofundishwa kanuni fupi ndio waliobadilika vizuri zaidi. Masomo marefu hayakuleta tofauti kubwa. Nilifurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu mimi niliacha shule mapema.

Karibu nasi zaidi, katika soko la Bumala, magharibi ya Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walisaidia wauzaji wa sokoni na waendesha baiskeli za abiria, kama toleka wetu, kufungua akaunti ya kuweka fedha. Akaunti hiyo haikuzaa kitu, tena kutoa fedha kulikatwa ada. Hata hivyo wanawake wa sokoni walioipata waliongeza fedha wanayoingiza katika biashara kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa wanaume wa baiskeli mabadiliko hayo hayakuonekana. Nilipomuuliza binti yangu kwa nini, alisema pengine mwanamke ana watu wengi zaidi wanaomwomba, kwa hiyo mahali pa kuweka fedha mbali na mikono panamsaidia zaidi. Sikuhitaji mtafiti anieleze hilo. Ninyi pia hamhitaji.

Na Lomé, mji mkuu wa Togo, wafanyabiashara wadogo 1.500 waligawanywa makundi. Wengine walipata masomo ya kawaida ya biashara, wengine walifundishwa kuanza jambo wao wenyewe: kutafuta nafasi mapema, kufikiria matatizo kabla hayajafika, kutofanya kama jirani anavyofanya. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Wanawake waliofundishwa hivyo faida yao ilipanda kwa asilimia 40. Kwa wale wa masomo ya kawaida ilipanda kwa 5 tu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwa nini unafika Kisangani siku ileile ambayo balenyeri zote zinafika?" Nilikuwa sina jibu. Siku hizi ninapiga simu kwanza kuuliza bei, na bidoni tatu za mwisho ninaziacha kwa ndugu mpaka soko lipungukiwe.

Sasa niseme juu ya baba wa watoto, kwa sababu najua mnangoja hapo.

Nilimficha kaye kwa wiki mbili. Kisha nikaona kwamba nimeanza tena ya mama yangu. Jioni moja nikamwekea mezani. Alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa. Akafika mahali palipoandikwa "baba, 3.000", "baba, 5.000", "baba, 2.000". Akainua macho. "Unaniandika mimi? Nimekuwa deni katika nyumba yangu?" Akatoka, na chakula kikapoa.

Nisiwadanganye, hakurudi akiwa mtu mwingine. Lakini alirudi. Siku ya tatu aliniuliza, "Ile 6.500 ni ya kweli?" Nikasema ni ya kweli. Akasema hakujua, alidhani ninapata nyingi, ndiyo maana alikuwa akiomba. Hapo nikaelewa kwamba ukimya wangu ulikuwa umemdanganya yeye pia. Bado anaomba siku nyingine, na siku nyingine ananuna nikikataa. Lakini sasa tunagombana juu ya namba tunazoziona sisi wote wawili, na ugomvi wa namna hiyo una mwisho.

Sheria nayo imesogea. Ile ruhusa ya mume iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Sasa inasemwa mume na mke wakubaliane. Na tangu Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara. Sheria hizo zinamtambua mfanyabiashara mdogo anayejitangaza, na kati ya zinavyomtaka katika hesabu, cha kwanza si kitu cha ajabu: daftari la kila siku, linaloonyesha fedha imetoka wapi na ni kiasi gani, na imekwenda wapi na ni kiasi gani. Nilipoona hivyo nilicheka. Ilikuwa kama kaye ya binti yangu.

Hofu ya mama yangu haijaisha kabisa, na siwaambii muonyeshe kaye kwa kila mtu mwenye kofia. Kuna anayestahili kuiona na kuna asiyestahili. Ninachosema ni kwamba wewe mwenye kaye uwe wa kwanza kuisoma.

Kwa likelemba yetu tumekubaliana hivi, na kundi lolote linaweza kufanya kama sisi. Fedha ya kundi inalala katika kasha lake lenye funguo mbili, na funguo hizo zinashikwa na mama wawili wa nyumba mbili. Kila Jumapili mwandishi anasoma kwa sauti nani ametoa, nani amepokea, nani amebakiza. Mama watatu kati yetu hawasomi. Wao wanaweka punje ya mahindi katika chupa kila wanapotoa, na mwisho wa mzunguko punje zinahesabiwa pamoja na kaye. Mpaka leo punje na kaye zimepatana.

Kwa biashara yako, chukua kaye ya kawaida. Gawa ukurasa sehemu nne: tarehe, jambo lenyewe, kilichoingia, kilichotoka. Andika jioni ileile, kabla ya kulala. Deni liandike ukurasa wa nyuma pamoja na jina la mtu. Chakula cha njiani kiandike. Dawa ya mtoto iandike. Jilipe wewe mwenyewe kiasi kidogo kilekile kila wiki, hicho ndicho cha nyumba, na kilichobaki usikiguse, ni mbegu. Kama hujui kuandika, mtoto wa darasa la nne anajua. Naye atajifunza hesabu kuliko shuleni.

Yule mwenzangu wa zile 45.000 ameanza kuingia kwangu tena. Siku ya kwanza tuliposoma kaye mbele ya wote, nilisimama nikaeleza kilichotokea, kwa mdomo wangu. Hakusema kitu. Baada ya mkutano alibaki, tukamenya mihogo pamoja mpaka jua likazama. Binti yake alifanya mtihani wake.

Na memwari ya binti yangu imekwisha. Alinisomea kurasa zinazonihusu. Nilisikiliza hesabu zangu zote, bidoni kumi, 6.500, mbegu niliyopika, lakini jina langu sikulisikia. Aliniita "mfanyabiashara wa tatu". Nikamuuliza kama ameona aibu ya mama yake.

Akasema, "Hapana, mama. Ndivyo tulivyofundishwa. Anayetufungulia kitambaa chake, sisi tunamfunika."

Nilipenda mama yangu asikie neno hilo.

Mimi mama mwenzenu, Opala.